Bustani Bila Hati

Kuna mji mdogo Uingereza unaoitwa Letchworth. Ukipanda treni kutoka London kuelekea kaskazini, unafika kabla saa moja haijaisha. Mimi sijafika, na nikiangalia mfuko wangu sioni nikifika karibuni. Lakini siku nilipoona ramani yake mara ya kwanza, kwenye kitabu cha zamani nilichokuwa nakipekua ndani ya maktaba ya Kaloleni, nilishtuka kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua akakuta picha ya babu yake ukutani. Barabara zinazopinda polepole badala ya kunyooka. Nafasi ya nyasi katikati. Nyumba ndogondogo zenye vigae, zimeachiana nafasi, kila moja na kipande chake cha ardhi. Nikainua macho nikaangalia nje. Ni vilevile, bana. Ila kwetu nyasi nyingi zimekuwa vumbi, kati ya nyumba na nyumba kumeota vyumba vya mabati, na kwenye waya kumeanikwa sare za shule.

Hiyo si bahati. Kaloleni, mtaa ambao watu wa Eastlands wanauita Ololo, ulijengwa katikati ya miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi, na waliouchora walifuata wazo lililozaa Letchworth, yaani mji wa bustani. Wazee wa mtaa watakuambia kwamba mawe yalipangwa na mateka wa vita wa Kitaliano. Maktaba yenyewe niliyokuwa nimeketi ni tawi la McMillan, ile ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ndilo lililoikarabati, na ndiyo maana mtu kama mimi ana meza ya kuandikia.

Kazi yangu ni kuuza makala moja moja, na mhariri akitaka "kitu cha Eastlands" huwa ananikumbuka. Kwa hivyo nimesoma karibu kila kitu kilichoandikwa kuhusu mitaa yetu, na naona maandishi haya yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kulilia. Mwandishi anakuja Jumamosi na kamera, anapiga picha vigae na miti, anasema zamani palikuwa na nyasi kama Uingereza, halafu anasikitika. Aina ya pili ni ya kubomoa. Mwandishi anahesabu ekari, anasema nyumba za ghorofa moja karibu hivyo na katikati ya jiji ni kupoteza nafasi, na maelfu ya fleti zingeweza kusimama hapo. Wa kwanza anataka tuhifadhiwe kama makumbusho. Wa pili anataka tuondoke. Wanagombana mitandaoni kila wakati, lakini mimi nasema wana kosa moja. Wote wawili wanausoma mtaa kwa macho tu. Wanaona umbo. Hakuna anayeuliza ardhi ni ya nani, na swali hilo ndilo lililokuwa moyo wa mji wa bustani tangu mwanzo.

Tuanze na mwenye wazo. Ebenezer Howard hakuwa msanifu wa majengo. Alizaliwa London mwaka 1850, akaacha shule akiwa na miaka 15, akafanya ukarani, akaenda Marekani kujaribu ukulima Nebraska ukamshinda, akaishi Chicago, kisha akarudi nyumbani kuwa mwandishi wa hati mkato, akinakili maneno ya wabunge. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza ninamsoma kwa huruma ya pekee. Mwaka 1898 alichapisha kitabu chake, na mwaka 1902 kikatoka tena kwa jina ambalo ndilo linalojulikana, Garden Cities of To-morrow.

Watu wengi wanakijua kitabu hicho kwa michoro yake ya duara. Katikati kuna bustani. Kuizunguka kuna ukumbi wa mji, maktaba, hospitali, jumba la muziki. Halafu nyumba, halafu viwanda, halafu reli. Mji wa watu 32,000 kwenye ekari 6,000, na sehemu kubwa ya ekari hizo ni mashamba ya kuuzingira ili usifure ovyo. Ni michoro mizuri. Lakini ukikisoma kitabu badala ya kuangalia picha, utashangaa ni kurasa ngapi zimejaa hesabu za pesa. Kumbe ni kitabu cha kodi ya nyumba.

Hesabu yenyewe inaenda hivi. Nunua ardhi mahali ambapo bado ni shamba na bei iko chini. Usimuuzie mtu yeyote kipande. Iweke mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya watakaoishi hapo. Watu wakihamia, ardhi itapanda thamani. Nani ameipandisha? Si wadhamini, si jua, ni hao hao watu kwa kuja kwao, kufungua duka, kusomesha watoto. Basi faida ya kupanda kwake iwarudie wao. Kodi watakayolipa kwanza imalize deni, halafu inayobaki ijenge barabara, shule, na hata kuwalipa wazee pensheni. Mtu yeyote aliyewahi kupanga Umoja au Donholm anaijua nusu ya kwanza ya hesabu hii bila kufundishwa. Lami ikiletwa, landlodi anaongeza renti. Howard aliongeza nusu ya pili tu: je, kama landlodi ni sisi sote?

Letchworth ilianza mwaka 1903 kwa kampuni iliyonunua zaidi ya ekari 3,800. Waliochora mji ni Raymond Unwin na Barry Parker. Wenye hisa waliwekewa kikomo, faida yao isizidi asilimia 5 kwa mwaka, kinachobaki ni cha mji. Sitaki kukudanganya kwamba palikuwa peponi. Nyumba nyingi ziliwashinda vibarua bei, na tayari mwaka 1905 ilibidi yafanyike maonyesho ya nyumba za gharama ya pauni 150 ili kuthibitisha kwamba maskini naye anaweza kujengewa. Tabia ya mji nayo ilichekesha watu. Ulikuwa mji usiouza pombe, na mwaka 1907 walifungua baa isiyo na pombe, Skittles Inn, ambapo mtu angeweza kucheza michezo yote ya baa huku mkononi ana chai. Wapenda mboga, wavaa ndala, watu wa kila imani mpya walikimbilia huko, hadi George Orwell, aliyekuwa akiishi kijiji cha jirani, akawakejeli katika The Road to Wigan Pier mwaka 1937. Kiwanda chake kikubwa kilishona kosetı za wanawake.

Kitu kinachonihusu mimi kilitokea baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni nyingine ilinunua hisa za ile kampuni ya mji wa bustani. Ghafla ardhi iliyopandishwa bei na vizazi viwili vya wakazi ilikuwa karibu kuwa bidhaa ya walanguzi. Mji ukapiga kelele, na mwaka 1962 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuinyakua ardhi hiyo kutoka kwa wanunuzi na kuiweka chini ya shirika la umma. Tangu mwaka 1995 inashikiliwa na taasisi ya hisani ya mji wenyewe, na mapato ya maduka na majengo yake yanarudi kwenye mambo ya mji, kama sinema na makumbusho. Leo Letchworth ina watu kama 33,000, karibu kabisa na idadi aliyoichora Howard. Umri wake unapita miaka mia moja na ishirini na bado upo. Watu watakuambia ni kwa sababu ya miti. Mimi nasema ni kwa sababu ya makaratasi.

Sasa turudi Nairobi. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na Mwafrika alihesabiwa humo kama mgeni wa muda. Anakuja, anafanya kazi, anarudi ocha. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya mtu asiye na mke wala mtoto, na malazi yake vilevile: kitanda, si nyumba. Wazungu walichukua magharibi, kwenye mwinuko na udongo mwekundu unaopitisha maji. Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Pumwani ilikuja miaka ya 1920 mwanzoni. Kariokor ilibeba jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps. Shauri Moyo ikafuata.

Halafu kufikia miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikaanza kuogopa. Wafanyakazi walikuwa wamegoma bandarini Mombasa mwaka 1939, vita vilikuwa vimejaza watu mijini, na mtu anayelala kitanda kwa zamu hana cha kupoteza. Ikaonekana afadhali mfanyakazi akae na familia, atulie, atembee kwa miguu hadi Industrial Area asubuhi na kurudi jioni kwa watoto wake. Ziwani, Starehe na Kaloleni zilizaliwa na hofu hiyo. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nyumba ya familia ilikuwa kitu kikubwa kwa mtu aliyezoea kitanda. Lakini ni vizuri kujua bustani yetu ilipandwa kwa sababu gani.

Mwaka 1948 wazo hilo lilipata kitabu chake, Nairobi: Master Plan for a Colonial Capital. Walioandika ni watu watatu waliotoka Afrika Kusini: L. W. Thornton White, msanifu, L. Silberman, mwanasosholojia, na P. R. Anderson, mpangaji miji. Naomba tukisome kama tunavyosoma riwaya, kwa sababu kinastahili. Kimeandikwa vizuri, kwa ujasiri, na kina imani kubwa na akili ya binadamu. Kinapendekeza mji ugawanywe katika mitaa kamili, kila mtaa na shule yake, maduka yake, ukumbi wake, na magari ya kupita tu yabaki nje. Kinapofika kwenye jambo la ubaguzi wa rangi, kinasema kitakaa katikati, kitapima kila kitu kwa mahitaji ya binadamu na ya kiufundi, hayo mengine si kazi yake.

Hapo ndipo mimi kama msomaji nakasirika. Huwezi kuandika kuhusu Nairobi ya mwaka 1948 na kusema rangi si kazi yako. Ukinyamaza juu ya mpaka, umeuchora upya kwa wino mzuri zaidi. Mwafrika yumo kitabuni, lakini zaidi kama idadi na kama tatizo la makazi. Na kile ambacho Howard alikiweka mwanzo, kwamba wanaoishi kwenye ardhi ndio watakaofaidi ikipanda, kilikuwa kimeachwa baharini njiani. Walileta bodi ya gari bila injini. Kaloleni ilikuwa na duara, ukumbi, nyasi na uwanja, lakini mkazi alikuwa mpangaji wa baraza la mji, na baraza hilo Mwafrika hakulichagua. Hata ule uzuri wa mtaa wenye njia chache za kuingilia ulikuwa na upande wa pili. Tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza, mitaa ya Waafrika ilizingirwa na watu wakachukuliwa kwa maelfu. Mtaa uliojitosheleza unafungika kirahisi.

Kuna kitabu kingine kuhusu Nairobi hiyo hiyo, na mwandishi wake naye alitoka Uingereza. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika familia ya Kijaluo, akakaa hadi kufa kwake Nairobi mwaka 2015. Riwaya yake Coming to Birth, ya mwaka 1986, inaanza mwaka 1956 msichana Paulina anapofika na treni kutoka Nyanza kumfuata mumewe Martin. Muda si muda mimba inaharibika, na akitoka hospitali Pumwani anapotea njia. Anazunguka mji asiojua kuusoma, kila nyumba inafanana na nyingine. Nimeishi Eastlands maisha yangu yote na sijasoma maelezo ya mitaa yetu yanayonigusa kama hayo. Mpango Mkuu unaona mji kutoka juu, kwa ndege. Macgoye anauona kwa miguu ya msichana anayevuja damu. Hapo ndipo niligundua kwamba kuja kutoka Uingereza si dhambi. Swali ni umesimama wapi unapoangalia.

Basi waliopewa umbo bila hati walifanyaje? Waliujaza mtaa kwa kitu kingine, na hapa ndipo naona tabia halisi ya Kaloleni, ile isiyo ya kuazimwa.

Katikati ya duara waliochora waliweka ukumbi wa jamii, Kaloleni Social Hall. Ni sehemu ya mchoro wa Howard kabisa: mahali pa dansi, mihadhara na masomo ya jioni, mfanyakazi atulie. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa shangwe na bendera, na vyama vya wafanyakazi vikasusia. Wiki tatu na ushei baadaye, tarehe 23 Aprili, Kenya African Union na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, wakafanya mkutano wa pamoja. Hawakukutana mjini. Walikutana Kaloleni. Ndani ya ukumbi huu Makhan Singh, fundi wa chapa na kiongozi wa wafanyakazi, alisimama akataka mkutano utamke wazi kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Katikati ya Mei akakamatwa pamoja na Fred Kubai, na mgomo mkuu ukasimamisha Nairobi kwa zaidi ya wiki. Singh hakuachiliwa hadi mwaka 1961.

Fikiria hilo. Letchworth walijenga baa ya chai ili mfanyakazi apate utulivu. Nairobi wakajenga ukumbi kwa nia kama hiyo, na mfanyakazi akautumia kudai nchi. Wanasiasa wa kizazi cha Tom Mboya walilijua vizuri jukwaa lile. Mitaa ya jirani ikabeba majina ya waliouawa katika miaka hiyo migumu: Mbotela, kwa ajili ya Tom Mbotela, 1952, Ofafa, kwa ajili ya Ambrose Ofafa, 1953. Doonholm Road ikawa Jogoo Road. Na jina la Kaloleni lenyewe lilitoka Pwani. Kilifi kuna Kaloleni, Voi kuna Kaloleni, Kisumu ipo, Arusha ipo. Kwa anayesikia Kimijikenda, kulola ni kutazama, kwa hivyo jina linasikika kama agizo: nendeni mkatazame. Kwa hivyo ukiniambia Kaloleni ni bustani ya Kiingereza iliyochakaa, nitakuambia umetazama nyasi ukasahau ukumbi.

Lakini siasa haikuleta hati. Uhuru ulikuja, baraza likabadilisha wenyewe, na kanjo akabaki landlodi. Nyanya yangu anaishi Kaloleni tangu ujana wake. Sisi tunamwita Dani. Kadi ya nyumba bado ina jina la babu, aliyezikwa ocha kabla mimi sijazaliwa. Mimi nalala chumba cha mabati nyuma ya jikoni, mojawapo ya vile vyumba ambavyo waandishi wa kulilia wanasema vimeharibu mandhari. Wana haki, vimeharibu. Lakini mtaa uliochorwa kwa familia moja kwa kila nyumba umefika kizazi cha tatu, na kizazi cha tatu kinalala wapi? Howard alikuwa na jibu: mji ukijaa, anzisha mwingine pembeni, kwa pesa za kodi ya ule wa kwanza. Kwetu kodi haikurudi kuanzisha kitu. Kwa hivyo tulianzisha wenyewe, kwa mabati.

Jioni moja nilimuuliza, "Dani, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya kanjo," akasema, bila kuinua macho kwenye sukuma aliyokuwa akikata.

"Na huu mti wa avokado?"

Hapo akaniangalia kama mtoto aliyeuliza ujinga. "Huo ni wangu. Niliupanda mwaka mama yako alizaliwa. Ulikula za nani ukakua, nyathina?"

Kwa miaka mingi sasa orodha za mitaa ya zamani ya kujengwa upya zimekuwa zikitoka awamu baada ya awamu. Pangani ya zamani ilibomolewa, fleti zikasimama. Kila orodha mpya ikitoka, mtaani watu wanatafuta jina letu kwanza, halafu ndiyo wanasoma mengine. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu wenzangu wa kulilia huwa wanaruka sehemu hii. Anayetaka kujenga ana hoja. Mifereji imezeeka. Jiji halina nyumba. Mtu wa Mukuru, aliye ng'ambo tu ya viwanda, analipa renti ya mabati na ananunua maji kwa mtungi, ilhali sisi tunalipa kodi ya kanjo ambayo ni ndogo kuliko bei ya soko. Kwa nini ardhi ya umma itumikie familia zilizobahatika kupata kadi zamani, na si yeye? Nimejaribu kulikwepa swali hilo na sijaweza. Nikisema "hifadhini Kaloleni" bila kulijibu, ninatetea godoro langu tu.

Jibu langu ni kwamba kubomoa au kutobomoa si swali la kwanza. Letchworth yenyewe imejengwa na kubomolewa vipande vipande kwa zaidi ya karne. Swali la kwanza ni hili: siku fleti zitakaposimama Ololo, ardhi iliyo chini yake, ambayo thamani yake ilitengenezwa na wale waliolima vipande vya mboga kwenye udongo mweusi, wakazika wenzao wakati wa Hali ya Hatari, wakajaza ukumbi mwaka 1950, faida yake itaenda wapi? Ikiwa fleti zitauzwa moja moja, mwenye pesa atanunua, atampangisha mwingine, na baada ya miaka kumi tutakuwa na ploti ndefu tu, kama zile za Pipeline. Ikiwa ardhi itabaki mikononi mwa wadhamini wanaowajibika kwa wakazi, wa zamani na wapya, wa Ololo na wa Mukuru, basi ghorofa kumi na tano zinaweza kuwa mji wa bustani kuliko nyumba hizi za vigae zilivyowahi kuwa.

Na usiniambie hayo ni ya Wazungu. Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kijiji cha mabanda kiitwacho Tanzania-Bondeni walichagua njia hiyo. Ardhi ikashikwa kwa pamoja, mtu akamiliki nyumba yake lakini asiweze kumuuzia mlanguzi uwanja ulio chini yake. Haikuwa rahisi, kwa sababu kila Mkenya amefundishwa kwamba usalama ni karatasi yenye jina lake peke yake. Wala haikuenea nchini. Lakini ilifanyika hapa, chini ya sheria za hapa, na wasomi wa mambo ya ardhi duniani wanaitaja, ilhali kwetu Nairobi sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye mkutano hata mmoja wa mtaa.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma Kaloleni. Waandishi wenzangu, mkija tena na kamera, karibuni, picha pigeni. Lakini mkimaliza ingieni ukumbini, halafu mwulize yeyote aliye na umri wa Dani swali nililomwuliza mimi. Ofisi yoyote itakayokuja kuhesabu ina fomu yenye sehemu ya nyumba, sehemu ya jina la mpangaji, na sehemu ya idadi ya vyumba. Nimeiomba nakala ya mtaa mwingine nikaisoma mbele na nyuma. Sehemu ya mti haimo.